Mdoli bapa, kofia ya fulana na uzi wa shanga: kisa cha mtoto mmoja wa Tabora

Kisa hiki kinamhusu mtoto wa kike wa miaka sita kutoka Isevya, Tabora mjini, na kikundi cha wanawake wa mtaani kwao waliomtengenezea zawadi kwa mikono yao muda wote aliokuwa akitibiwa saratani. Jina lake silitaji, wala la mama yake. Mama ameridhia kisa kielezwe kwa sharti hilo. Kikundi chenyewe ni cha kuweka na kukopa, karibu nusu ya wanachama ni mafundi cherehani, na hukutana barazani kwa jirani yangu, ndiyo maana nimeweza kuyafuatilia mambo yao tangu mwanzo. Nakieleza kirefu kwa sababu naamini zawadi ya mkono humsaidia mtoto mgonjwa kuliko tunavyodhani, ilimradi anayeitengeneza ajue kwanza dawa zinaufanya nini mwili wa mtoto yule, na safari za hospitali zinaifanya nini nyumba yao.

Ugonjwa aliugundua mama wakati anamwogesha. Upande wa kushoto wa tumbo palikuwa pagumu, na mtoto hakulalamika maumivu. Kwetu tumbo la mtoto likivimba jina la kwanza linalotajwa ni bandama, la pili minyoo. Akachanjwa chale, akanyweshwa dawa ya minyoo, wiki zikapita. Mkojo ulipobadilika rangi ndipo wakaenda hospitali ya mkoa, Kitete, akapigwa ultrasaundi na kuandikiwa rufaa ya Mwanza. Huko akachukuliwa vipimo zaidi na kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupeleka maabara, na majibu yakaja kuwa ni saratani ya figo ya utotoni, ile ambayo madaktari huiita uvimbe wa Wilms kwa kumkumbuka daktari Mjerumani Max Wilms aliyeiandikia kitabu mwaka 1899. Katika saratani za watoto, hii ni mojawapo ya zile zinazotibika vizuri zikiwahiwa. Utaratibu unaofuatwa mahali pengi ni dawa kwanza kwa wiki kadhaa ili uvimbe unywee, kisha upasuaji wa kuitoa figo yenye ugonjwa, halafu dawa tena kwa wiki nyingi. Figo moja iliyobaki inatosha mtu kuishi nayo maisha yake yote.

Hapo kwenye "wiki nyingi" ndipo familia nyingi huanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 yao hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kufikisha angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo 2030. Sababu za pengo hilo zinajulikana: kuchelewa kugundua, dawa na wataalamu kukosekana, na watoto kukatishwa matibabu katikati. Hiyo ya mwisho si suala la mzazi kutojali. Mzazi ameuza mbuzi, ameacha wengine nyumbani, mtoto anaonekana mzima, na nauli ya kurudi Mwanza haipo. Ukisoma kisa hiki iweke sababu hiyo karibu, kwa kuwa ndiyo iliyokuja kuamua zawadi ipi ilikuwa na maana na ipi ilikuwa ya kupendeza tu.

Kifurushi cha kwanza

Habari zilipofika mtaani kwamba mtoto wa nyumba ile "kalazwa Mwanza kwa kansa", wanawake walikusanyika siku hiyohiyo. Hakuna aliyeitwa. Mafundi walileta vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye meza zao, bibi mmoja anayejua kufuma akaleta nyuzi, na ndani ya siku chache kifurushi kilikuwa tayari: midoli mitatu minene iliyojazwa sufi, yenye macho ya vifungo, kofia nzito ya kufuma, blauzi mbili za kuvalia kichwani, kadi kubwa iliyoandikwa "Utapona kwa jina la Mungu", na chupa ya asali mbichi, maana mzigo unaotoka Tabora bila asali ni kama haujatoka Tabora. Mwenyekiti wao, mama wa makamo ambaye mtaa mzima unamwita Shangazi, alizifukiza nguo zote udi kabla ya kuzifunga, kama anavyofukiza nguo za bibi harusi. Kifurushi kikapakiwa basi la asubuhi, kikapitia Nzega na Shinyanga, na jamaa wa familia akakipokea stendi ya Nyegezi.

Jioni mama wa mtoto akapiga simu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mzigo umefika?"

"Umefika, na nimelia kwa furaha. Ila Shangazi, sista anasema vingine visipande kitandani. Na mtoto mwenyewe akisikia ile harufu ya udi anatapika."

Sitaki mtu asome hapa kwamba wanawake wale walikosea kupenda. Walitengeneza kile ambacho mtoto mzima angekipenda, na kila kitu kilichokataliwa kina sababu ambayo fundi yeyote anaweza kuielewa akielezwa.

Dawa za saratani hushambulia chembe zinazozaliana haraka. Saratani ni mojawapo, lakini uboho wa mifupa unaotengeneza damu nao uko hivyo, vilevile mizizi ya nywele na utando wa mdomo na tumbo. Uboho ukidhoofika, chembe nyeupe za damu hupungua na mtoto anabaki bila ulinzi kwa siku kadhaa baada ya kila awamu ya dawa. Kijidudu ambacho kwa mwenzake kingeleta mafua tu, yeye kinaweza kumtia mahututi. Sasa chukua mdoli mnene wa sufi. Umedondoka sakafuni, umemwagikiwa uji, umetapikiwa. Ukiufua, nje utakauka, katikati utabaki na unyevu na kuota ukungu, na mtoto atalala ameukumbatia. Macho ya vifungo nayo ni hatari kwa mtoto wa kitanda cha jirani, kwa kuwa mwenye umri chini ya miaka mitatu hutia kila kitu mdomoni, na vitanda vya wodini haviko mbalimbali.

Kofia ya nyuzi nzito ilimwasha. Nywele kwa kawaida huanza kunyonyoka wiki mbili au tatu baada ya dawa kuanza, na ngozi ya kichwa inayobaki ni laini kama ya mtoto mchanga. Blauzi za kuvalia kichwani hazikupita kwa sababu mkononi kulikuwa na kanula na mpira wa dripu. Kumvua mtoto blauzi kama hiyo ni kumsumbua mara mbili, yeye na nesi. Asali mbichi haipewi kabisa mtoto chini ya mwaka mmoja, kwa ajili ya vimelea vinavyoleta botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, na wodi nyingi za saratani huizuia pia kwa mtoto ambaye kinga yake imeshuka. Udi tumeshausikia. Kichefuchefu cha dawa hizi huchochewa sana na harufu, iwe ya marashi, ya sabuni au ya samaki wa kukaanga.

Kadi haikukataliwa na mtu, lakini naitaja kwa sababu kwangu ilikuwa nzito kuliko midoli. Ilifika wakati dawa ndiyo kwanza zimeanza, na mama alikuwa bado hajui kama zitafanya kazi. Alisoma "Utapona", akaikunja, akaiweka chini ya godoro. Ahadi ambayo hata daktari hajaitoa inamwachia mama kazi ya kuibeba peke yake. Kadi iliyosomwa mara nyingi, hadi karatasi ikachakaa, ni ya baadaye, ambayo wajukuu wa Shangazi waliandika habari za mtaani: paka wa mwenye duka amezaa wanne, mmoja hana mkia, embe za kwa Babu zimeanza kuiva na popo wanazimaliza, mwalimu ameuliza habari zako. Mtoto aliye mbali na kwao ana njaa ya habari kama hizo, na hakuna hospitali inayoweza kumpa.

Wakauliza

Hatua iliyobadilisha kazi ya kikundi ilikuwa ndogo. Shangazi alimwomba mama amkabidhi sista simu, akamsalimu, akamuuliza: "Mwanangu, mimi ni fundi. Niambie mtoto anavuaje nguo, analalaje, na siku inapokuwa ndefu anafanya nini." Sista alizungumza naye kwa muda mrefu, na mhazini akaandika kwenye daftari la mikopo, ukurasa wa nyuma. Bado upo.

Kutoka ukurasa ule vikatoka vitu ambavyo mafundi sasa wanavishona bila kuangalia. Mdoli bapa: vipande viwili vya kitambaa cha pamba vilivyoshonwa pamoja bila kujazwa kitu, uso umetariziwa kwa uzi, hakuna kifungo wala shanga. Unachemshwa, unaanikwa, kabla jua halijazama umekauka, unapigwa pasi. Kofia ya fulana: fulana ya pamba ya mtumba iliyofuliwa hadi imelainika, inakatwa, na mshono unaachwa upande wa nje ili kichwani paguse kitambaa tu. Ukubwa wa kichwa mama aliupima kwa uzi, akaukata, akautuma uzi wenyewe kwa basi, na fundi akashona kwa kuulinganisha. Gauni linafungwa mbele kwa utepe, na mkono mmoja umechanwa hadi begani, nao unafungwa kwa utepe, hivyo dripu haisumbuliwi. Utepe badala ya zipu au vifungo vya chuma, kwa kuwa chuma huonekana kwenye picha ya eksirei na ingebidi avuliwe kila anapopelekwa kupigwa. Kila kitu kinafuliwa kwa sabuni isiyo na harufu, kinapigwa pasi ya moto, kinafungwa kwenye mfuko safi wa peke yake. Na kila mtoto chake. Zawadi ya kuchangia inahamisha vijidudu kitanda hadi kitanda.

Kitu nilichokiona cha busara zaidi hakikuwa cha mtoto. Ni begi la kitenge la mama, lenye mifuko ya ndani: mmoja wa kadi ya kliniki na karatasi ya rufaa, mmoja wa kipimajoto, mmoja wa nauli ya kurudia ambayo haiguswi. Homa kwa mtoto aliye kwenye dawa hizi ni dharura ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, na mama anayetafuta makaratasi chini ya kitanda saa nane za usiku anapoteza muda ambao hana.

Shanga

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo zawadi iligusa matibabu yenyewe.

Mwanakikundi mmoja ana binti anayesomea unesi, naye aliwaeleza juu ya mpango ulioanzishwa Marekani na nesi aitwaye Jean Baruch, ambamo mtoto mwenye saratani hupewa shanga moja kwa kila jambo analopitia: sindano, upasuaji, usiku wa kulazwa. Shanga si kitu cha kufundishwa kwetu. Mabibi wa kikundi wanazijua toka utotoni, wanajua uzi upi haukatiki na fundo lipi halifunguki. Wakachagua shanga kubwa za mbao zisizomezeka kirahisi, zilizopakwa rangi isiyotoka kwa maji, wakazitunga kwenye uzi mnene wa kuvulia samaki. Ukubwa huo ulikuwa na faida nyingine. Mojawapo ya dawa za saratani hii, vinkristini, inaweza kudhoofisha mishipa ya fahamu ya mikono na miguu, na mtoto akashindwa kushika vitu vidogo kwa muda. Shanga kubwa aliweza kuitunga mwenyewe hata siku ambazo kufunga kamba ya kiatu kulimshinda.

Mpango wa kwanza ulikuwa shanga moja kwa kila dawa inayoingia. Daktari alikuwa amemwambia mama idadi ya awamu zilizobaki, na Shangazi akatia alama mwisho wa uzi kwa fundo jekundu: ukifika hapa, tumemaliza. Ulifanya kazi mpaka siku waliposafiri hadi Mwanza, damu ikapimwa, chembe nyeupe zikakutwa chini mno, na dawa ikaahirishwa. Kwa madaktari huo ni uamuzi wa kawaida na wa kumlinda mtoto. Kwake ilikuwa siku ya kulia: safari ndefu, kachomwa kupimwa damu, halafu hakuna shanga. Mama anasema alilia kuliko alivyolia kwa sindano yoyote.

Kikundi kilipojadili jambo hilo kulikuwa na ubishi wa kweli. Wengine waliona shanga ikitolewa bila dawa itapoteza maana. Shangazi akasema mtoto halipwi kwa kudungwa, anatambuliwa kwa kwenda. Ikaongezwa shanga ya kijani kwa kila safari, dawa iingie isiingie. Mimi niko upande wa Shangazi. Idadi ya dawa haiko mikononi mwa mtoto wala mama yake. Kufika hospitali siku waliyopangiwa, kwa kiasi fulani, iko. Anayetaka kufanya kama wao na ayapange hivyo tangu mwanzo, na lile fundo la mwisho asilikaze sana, kwa maana ratiba za dawa hizi husogea.

Jaribio lenyewe lilikuja baada ya upasuaji. Figo ilitolewa, tumbo likarudi kawaida, mtoto akaanza kukimbia uani. Babu upande wa baba akasema inatosha, mjukuu amepona, pesa iliyobaki ilime tumbaku. Kwa macho ya kawaida alikuwa na hoja. Lakini dawa za baada ya upasuaji ndizo zinazowinda chembe za ugonjwa zilizobaki zisizoonekana, na zikiachwa, ugonjwa ukirudi huwa mkali zaidi. Mama alijaribu kueleza, akashindwa. Mtoto ndiye aliyemletea babu uzi, akamwonyesha sehemu iliyobaki kabla ya fundo jekundu, akamwambia, "Babu, bado hizi." Babu alizihesabu kwa kidole.

Ningependa kuandika kwamba uzi ndio uliowarudisha Mwanza. Uliwarudisha uzi pamoja na nauli. Kikundi kilikuwa kimeanza kutenga sehemu ndogo ya mfuko wa jamii kila wiki kwa ajili ya safari hizo, na bila hiyo babu angehesabu shanga, akasikitika, na hesabu ya nauli ikabaki palepale. Ambacho uzi ulifanya, na sioni kitu kingine ambacho kingefanya, ni kuwapa watu wa nyumba ile picha ya matibabu yenye mwisho. Kabla ya hapo walikuwa wanaona safari baada ya safari, kama mvua isiyojulikana itakatika lini.

Mambo mengine kwa kifupi

Dada yake wa miaka tisa aliachwa kwa bibi. Vifurushi vilishonwa mbele ya macho yake na hakimo hata kitambaa chake. Akaanza kugombana shuleni. Walipomgundua walimpa kazi ya kuchagua rangi ya shanga za kila awamu na kuzifunga kwenye karatasi. Sasa wana desturi: kifurushi kikienda Mwanza, kitu kimoja kinabaki nyumbani kwa ndugu.

Picha. Mwanakikundi mmoja, kwa nia njema kabisa, alitaka picha ya mtoto na zawadi ili aiweke mtandaoni na kuomba michango. Mama alikataa, na kikundi kikasimama naye. Mtoto asiye na nywele, aliyepigwa picha akiwa amechoka, ataikuta picha hiyo akiwa darasa la saba. Taarifa za afya zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Wanapiga picha za midoli na kofia, zinatosha.

Mtoto wa kitanda cha jirani, ambaye naye alikuwa ameshonewa mdoli, alifariki. Mama yake aliondoka nao. Mtu akauliza kikundini kama ingefaa kuomba kitambaa kirudi kwa kuwa kilikuwa kizuri. Hakujibiwa, na swali halijarudiwa.

Binti wa kisa hiki amefika kwenye fundo jekundu. Bado anaenda kupimwa kwa vipindi, kama inavyotakiwa, na kwa kila safari anapata shanga ya kijani. Wamelazimika kuunga uzi. Shuleni alirudi na kofia ya fulana, na mwalimu wake aliomba kofia nyingine kadhaa za rangi ileile, akazigawa kwa watoto waliokaa naye dawati moja.

Kikundi sasa kina mzigo mwingine mezani. Ni kijana wa miaka kumi na minne kutoka upande wa Urambo, saratani ya mfupa karibu na goti, mguu umekatwa. Midoli na shanga hazimhusu, na mara ya kwanza walipomuuliza anataka nini alijibu hataki kitu. Shangazi hakukubali, akampigia tena wiki iliyofuata, akamuuliza anabebaje vitu vyake akiwa kwenye magongo. Akasema habebi, mikono yote miwili imeshikwa, hata daftari anabebewa na mdogo wake na hapendi. Wanamshonea begi la turubai jembamba la kukaa mgongoni, mikanda miwili mipana inayopishana kifuani ili lisiyumbe anaporuka hatua, na mfuko wa mbele anaoweza kuufungua kwa mkono mmoja. La kwanza lilimbana kwapani pale gongo linapogusa, likafumuliwa. La pili linaondoka na basi la Jumatatu, rangi nyeusi kama alivyoomba, bila ua wala maandishi yoyote.